Njiwa wa Kupinduka wa Kipkelion: Tunamkumbuka Mzee Morris Gachanja

Kitu cha kwanza ninachokikumbuka nyumbani kwa Mzee Morris Gachanja ni kiti chake. Kilikuwa kiti cha mbao cha kawaida, lakini miguu ya nyuma ilikuwa mifupi kuliko ya mbele. Ilikuwa imekatwa kwa msumeno, kiasi cha vidole vinne. Nilidhani kimevunjika. Nikatafuta jiwe bapa, nikaliweka chini ya ile miguu mifupi ili kiti kikae sawa. Mzee alipotoka ndani aliliona lile jiwe, akaliondoa, akaketi. Kichwa chake kikaegemea nyuma chenyewe, na uso ukaangalia juu.

"Sasa umeona?" akaniambia. "Shingo haiumi."

Wasikilizaji wapendwa, habari za Jumapili mchana. Mimi ni Chepkosgei, na kama kila Jumapili, saa hii tunakaa pamoja kumkumbuka mtu mmoja aliyeishi kati yetu. Leo ni Mzee Morris Gachanja wa Kipkelion. Alifariki mwezi wa tano mwaka huu akiwa na miaka sabini na tisa. Nasema tena kwa wale wanaofungua redio sasa hivi: Mzee Morris Gachanja, wa Kipkelion, miaka sabini na tisa. Kwa miaka hamsini na minane alifuga njiwa wa kupinduka, na hakuruhusu damu yao ipotee.

Kuna wasikilizaji ambao hawajawahi kuwaona njiwa hao. Wacha nieleze polepole.

Njiwa wa kupinduka anaruka kama njiwa wengine. Anaruka na kundi, wanazunguka juu ya mashamba ya majani chai, juu ya reli, wanarudi. Halafu ghafla mmoja anajirusha kinyumenyume hewani. Anapinduka mara tano, mara kumi, haraka sana hata macho yako hayaoni bawa wala mkia. Unaona kitu cha mviringo kinashuka. Kisha anasimama huko huko hewani, anapiga mabawa, anapanda tena kwa wenzake. Hakuna mtu anayemfundisha. Ni damu. Baba yake alipinduka, na mama yake alipinduka.

Watu wa Kipkelion waliwaita njiwa walevi. Mzee hakukasirika. Alikuwa anajibu, "Mlevi anaanguka. Huyu anasimama."

Mzee Gachanja alizaliwa Kipkelion wakati mji ule bado ukiitwa Lumbwa. Wazazi wake walitoka Nyeri. Akiwa kijana wa miaka ishirini na moja alipata kazi ya kupaka mashine grisi katika kiwanda kimoja cha majani chai. Hapo kulikuwa na mhandisi Mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Pima, kwa sababu hakuacha kupima vitu. Bwana Pima alikuwa amekuja na njiwa wake kutoka Uingereza kwa meli. Mwaka wa 1967 mkataba wake ukaisha. Siku ya kuondoka alimwita Gachanja, akamwonyesha kisanduku chenye njiwa sita.

Mzee alipenda kunisimulia siku hiyo. "Aliniambia maneno mawili tu. Usichanganye. Akapanda gari. Mimi nikabaki na kisanduku, hata sijui wanakula nini."

Njiwa sita. Kutoka kwa hao sita walitoka wote aliowafuga mpaka kufa kwake.

Banda lao alilijenga mwenyewe nyuma ya jikoni. Wavu wake ulikuwa ule wa zamani wa kunyaushia majani, ambao kiwanda kilikuwa kimeutupa. Ndani kulikuwa na vyumba vidogo kumi na viwili, kila jozi na chumba chake. Majina yao aliyatoa kazini. Kulikuwa na Karani. Kulikuwa na Nyapara, Mpimaji, Fundi wa Boila. Majike aliwaita kwa vitu alivyovipenda mkewe: Shali, Asali, Kitenge. Na kila njiwa aliandikwa kwenye daftari, yeye na baba yake na mama yake na babu zake.

Mkewe wajukuu walimwita Shosho, yaani bibi, na Mzee walimwita Guka, yaani babu. Huyo Shosho Bilhah aliniambia hivi: "Mimi niliolewa nikakuta wake wenza, na wote wana manyoya. Siku ya harusi alichelewa kanisani. Unajua kwa nini? Shali alikuwa anaangua. Nikamwambia, Gachanja, wewe chagua. Akasema, nimechagua, si nimekuja? Lakini viatu vilikuwa na kinyesi cha njiwa."

Mimi nilienda kufanya kazi kwa akina Mzee baada ya kuacha shule darasa la sita, mama yangu alipougua. Nilikama ng'ombe, nilileta maji, nilifagia banda. Boma letu na lao yametenganishwa na ua wa miti tu. Mzee wakati huo macho yake ya karibu yalikuwa yamechoka. Ya mbali yalikuwa mazima, aliweza kumwona kipanga kabla njiwa hawajamwona. Lakini daftari hakuweza kulisoma. Basi kila jioni alikuwa ananiita.

"Kosgei, nisomee watu wangu."

Nami nasoma. Karani, mtoto wa Nyapara wa pili na Asali. Asali, mtoto wa Mpimaji na Shali wa tatu. Nilikuwa mwoga wa kusoma mbele ya watu. Shuleni walinicheka. Mzee hakucheka. Nikikosea alisema tu, "Rudi nyuma, umemruka bibi." Wasikilizaji wapendwa, sauti mnayoisikia leo ilijifunza kusoma kwa majina ya njiwa.

Sasa nieleze jambo lililo muhimu zaidi, na nitalirudia. Damu hii haishiki ikichanganywa. Ukimpa njiwa wa kupinduka mwenzake wa sokoni, watoto wanaruka vizuri tu, lakini hawapinduki. Kwa hiyo kuilinda, Mzee aliwaoanisha jamaa kwa jamaa. Babu na mjukuu. Mjomba na mpwa. Alifanya hivyo kwa hesabu, akiwa na daftari, kwa sababu ukikaza sana nako kuna hatari. Anazaliwa njiwa anayepinduka na hajui kusimama, anakuja mpaka chini. Mzee alitembea katikati ya hatari hizo mbili miaka hamsini na minane.

Njiwa wa sokoni alikuwa nao pia, jozi nne. Aliwaita walezi. Kazi yao ilikuwa kulea vifaranga vya wengine, kwa sababu ni walishaji wazuri. Walezi hawakuandikwa kwenye daftari.

Ule mwaka wa matatizo ya baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, familia ya Mzee ililala kanisani wiki sita. Baba yangu aliingia kwenye banda asubuhi mapema, akawatia njiwa wanane kwenye magunia mawili ya majani, akawaleta jikoni kwetu. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka njiwa wakinguruma juu ya kuni. Watu wakimuuliza baba kwa nini ana njiwa wa Gachanja, alisema, "Kwani njiwa anapiga kura?" Mzee aliporudi akawakuta wanane wote. Yeye na baba yangu walikunywa chai. Tangu siku hiyo hakuna aliyebisha hodi kati ya maboma yale mawili.

Kulikuwa na mtu mwingine aliyewapenda njiwa hao. Ni Bwana Robert Kipkorir, mfanyabiashara wa mifugo wa Siongiroi. Kila alipopita Kipkelion kununua ng'ombe alikuja, akasimama nje ya wavu, akaomba jozi moja. Miaka ishirini aliomba.

"Mzee, jozi moja tu. Nitawaita jina lako."

"Utawachanganya, Robert."

"Sichanganyi!"

"Wewe hata mbuzi umechanganya. Nimeona wale mbuzi wako. Hawajui kama ni mbuzi ama kondoo."

Wanacheka, Robert anakunywa maziwa yaliyoganda, anaenda bila njiwa. Mzee hakumpa mtu yeyote. Alisema damu ikikaa nyumba moja, unajua iko wapi.

Mwaka jana, mwezi wa kwanza, Mzee aliugua moyo. Alilazwa Kericho karibu wiki nane. Siku mbili kabla ya kwenda alikuwa ameshaoanisha njiwa wa mwaka, kila jozi kwenye chumba chake. Alinipa ufunguo wa banda. Akaniambia, "Kosgei, wewe ndiye mwenye nyumba."

Nikaanza kuwalisha. Mahindi ya kupondwa, mtama, maji safi. Nilikuwa nimeyasoma majina yao mara nyingi, lakini sikuwahi kuyafikiria yakiwa chumba kimoja. Siku hiyo nikayafikiria. Chumba cha tatu: Karani na Kitenge. Kitenge ni mtoto wa mtoto wa Karani. Chumba cha tano: ndugu wa baba mmoja. Mimi ni Mkipsigis. Kwetu watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata kama hawajawahi kuonana. Si jambo la kujadiliwa. Nilikuwa nafungua mlango kila asubuhi huku naangalia pembeni.

Wasikilizaji wapendwa, hapa kuna kitu nitakiruka. Nitakirudia kabla hatujaagana. Kwa sasa nasema hivi tu: wiki ya pili Kitenge alitaga mayai mawili. Nikayafunga kwenye kitambaa cha kichwa, nikayaweka kifuani yasipate baridi, nikampelekea jirani wa chini, Mama Bitutu, ambaye anafuga njiwa wa kula. Nikamwambia ayaweke chini ya njiwa wake. Akaniuliza ya nini. Nikasema yamezidi.

Mzee alirudi katikati ya mwezi wa tatu. Alikuwa mwepesi kama mtoto. Aliomba apelekwe bandani kabla hata ya kuingia nyumbani. Vifaranga walikuwa kumi na mmoja. Alimchukua mmoja, akampapasa kichwa kwa kidole gumba, akamrudisha. Akamchukua wa pili. Akasema, "Wacha nipumzike." Kesho yake aliwaoanisha wakubwa upya, kwa mkono wake mwenyewe, polepole. Nilidhani ndivyo inavyofanywa.

Mwezi wa nne mvua ilikuja. Mbao za chini za banda zikaoza upande mmoja. Asubuhi moja tukakuta shimo, na manyoya. Paka mwitu alikuwa ameingia. Majike wote wa ule ukoo wa zamani walikuwa wamekufa kwenye viota, kila mmoja juu ya mayai yake. Shali wa sita. Asali. Kitenge. Wote. Walibaki madume wawili tu, Karani na Nyapara.

Madume wawili hawaendelezi ukoo. Basi tumaini likabaki kwa wale kumi na mmoja, ambao walikuwa upande mzima wa banda.

Kila jioni Mzee aliketi kwenye kiti chake na kuwaangalia. Mwezi wa tano. Wa sita. Wa saba. Waliruka vizuri. Walizunguka reli wakarudi. Hakuna hata mmoja aliyepinduka. Binti yake Cate alikuja kutoka Nakuru, akaketi naye, akauliza, "Baba, labda wamechelewa?"

Mzee akasema mbele yetu sote, "Hawajachelewa. Ni mimi. Nimekaza damu sana, imechoka. Kosa ni langu." Akaniangalia, akasema tena, "Kosa ni langu."

Jumatatu iliyofuata alimwambia Shosho aanze kuutoa wavu, banda liwe la kuku.

Ndipo nikakumbuka mayai. Nikashuka kwa Mama Bitutu mbio, bila viatu.

"Mama, yale mayai yaliangua?"

"Yapi? Ya mwaka huu? Aah, yaliangua! Wawili. Mmoja tulimkula Pasaka."

"Na wa pili?"

"Huyo alikuwa mwembamba, ningempika na nini? Nilimuuza na wengine. Alikuja yule mtu wa ng'ombe, mnono, anacheka sana. Alibeba kreti nzima. Sasa wewe mbona unalia? Si ni njiwa? Chukua mwingine hapo."

Mtu wa ng'ombe, mnono, anayecheka sana. Nilimjua. Na nilijua ni kitoweo alichokuwa akinunua.

Sikuwa nimewahi kufika Siongiroi. Sikuwa nimewahi kwenda popote nikaanza mazungumzo na mtu mzima bila kutumwa. Siku ya soko nilienda. Nilimkuta Bwana Robert kati ya ng'ombe na watu, na nikasimama pale hata sijui nianze vipi. Yeye ndiye aliyeniona.

"Chamgei! Huyu si msichana wa Gachanja? Mzee amekufa?"

"Hajafa."

"Basi umefuata nini na uso kama huo?"

Nikasema, "Njiwa." Nikasema tena, "Ulinunua njiwa kwa Mama Bitutu. Mmoja mwembamba. Wa kahawia, ana nyeupe kwenye bawa la kushoto. Umemla?"

Akaacha kucheka. Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba yake. Kulikuwa na kibanda kidogo cha bati. Akafungua. Njiwa saba wakatoka, wakapanda. Wakazunguka mara moja, mara mbili. Na mara ya tatu yule wa kahawia akajirusha kinyumenyume, akashuka kama mpira wa uzi, nikahesabu tisa, akasimama, akapanda.

Niliketi chini kwenye nyasi. Nilipumua kama mtu aliyetolewa majini.

"Wiki tatu sasa," Robert akasema. "Nilikuwa nimechinja watano. Huyu nikamwona siku anajaribu mabawa. Nikamwambia mama watoto, huyo akiguswa, mimi nahama. Miaka ishirini namwomba Gachanja, Mungu ananipa kwa kreti ya kitoweo! Sasa niambie, imekuwaje?"

Nikamwambia majike wamekufa. Nikamwambia wavu unatolewa. Nikamwambia huyu ndiye jike wa mwisho. Alipouliza mayai yalifikaje kwa Mama Bitutu, nikasema tena yalikuwa yamezidi.

Bwana Robert angeweza kukataa. Alikuwa amemnunua. Alimwangalia yule njiwa akishuka. Halafu akasema, "Simrudishi kwa mkono wako. Nitampeleka mimi. Nataka kuuona uso wake."

Jumamosi alifika Kipkelion akiwa amevaa koti la kanisani. Mzee alikuwa kwenye kiti. Robert hakusalimia. Alimweka njiwa kwenye mapaja ya Mzee. Mzee akampapasa kichwa, kidole gumba kikafuata mdomo mpaka mwisho, kikarudi. Akanyoosha bawa la kushoto.

"Huyu ni mtoto wa Kitenge," akasema.

"Hata sijakuambia!"

"Utaniambia nini? Mimi namjua bibi yake."

Wakaanza kucheka, wazee wawili, mpaka Shosho Bilhah akatoka na mwiko kuuliza ni nani amekufa. Mzee akauliza alipatikana wapi. Robert akaeleza. Mzee akanigeukia. "Kosgei, umeokoa ukoo." Shosho alikuwa ameniletea chapati. Nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Jike yule aliitwa Kreti. Ndilo jina lake kwenye daftari, mimi mwenyewe niliandika. Mzee alimweka na Nyapara, ambaye ni mjomba wake. Na siku hiyo hiyo alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema, "Vifaranga vya kwanza ni vyangu. Vya pili ni vya Robert. Nilikosea kuweka damu nyumba moja. Shimo moja tu, na imeisha."

"Na ukisikia nimechanganya?"

"Nitakuja na bakora."

Kreti aliangua mwezi wa kumi na moja. Wawili. Kisha wawili tena, hao wakaenda Siongiroi. Mwezi wa tano mwaka huu, Jumanne moja jioni, jua limegeuka upande wa mashamba, mdogo wa wale wa kwanza akapinduka. Mara tatu tu, vibaya, kama anayejikwaa. Mzee alikuwa ameketi. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, akaushika wa Shosho. Akasema, "Haya."

Siku kumi baadaye alifariki nyumbani, akiwa usingizini.

Mazishi yalikuwa ya watu wengi. Waliokuja kutoka kiwandani walivaa makoti yao ya kazi. Mchungaji alitafuta mahali pa kuketi, akakikuta kile kiti, akaketi bila kujua. Miguu ikapanda juu, Biblia ikaruka, uso ukaangalia mbinguni. Watu wakashindwa kujizuia. Shosho alicheka mpaka akalia, akalia mpaka akacheka. Alisema baadaye, "Gachanja amemwonyesha mchungaji njia."

Jioni hiyo tulikuwa tunaosha sufuria, mimi na yeye. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Kosgei, unajua Mzee alijua?"

Nikauliza alijua nini.

"Siku ile ametoka hospitali. Alimgusa kifaranga, mdomo ulikuwa mrefu na mwembamba. Wa njiwa wa sokoni. Wote kumi na mmoja. Usiku akaniambia, na akacheka, nikaogopa moyo wake. Akasema, huyu mtoto wa watu amekuta babu na mjukuu chumba kimoja. Ulitaka afanye nini? Hata mimi mwaka wa kwanza nilisita."

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema utakimbia usirudi. Wewe na aibu yako. Na Cate alipokuja na maswali yake, akasema kosa ni lake, ili mtu asiulize zaidi."

Kumbe miezi yote ile aliketi kwenye kiti akiangalia njiwa aliojua hawatapinduka, na mimi nimesimama nyuma yake nikijificha.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Shosho Bilhah, kwa Cate na watoto wake, kwa jamaa wote wa Nyeri na Kipkelion, na kwa Bwana Robert Kipkorir ambaye sasa ana njiwa wawili wa ukoo huo na anasikiliza, poleni sana. Mungu awape nguvu. Na mkitoka nje jioni hii, angalieni juu kidogo.

Jambo moja naomba mlifikirie nyumbani. Mimi nilinyamaza kwa sababu ya aibu. Mzee alinyamaza kwa sababu ya huruma. Laiti mmoja wetu angesema, mayai yangetajwa siku ile ile, na ndugu yake Kreti hangeliwa Pasaka. Kama kuna jambo dogo kati yako na mtu unayempenda, na anaishi, nenda ukamwambie.

Mimi nimechelewa. Lakini niliahidi kurudi pale niliporuka.

Mzee, ni mimi. Siku ya nne baada ya wewe kwenda hospitali niliwatoa njiwa wako vyumbani nikawaoza kwa walezi. Kitenge nilimngoja atage kwanza. Nilimtenga Karani na mjukuu wake kwa sababu niliona haya kwa niaba yao, nikadhani nawafanyia heshima. Mayai yale hayakuwa yamezidi. Sikutaka yaangue nyumbani kwako, na sikuweza kuyavunja, kwa hiyo niliyaficha kifuani nikayatoa. Baba yangu alikuokolea njiwa wanane ndani ya gunia. Mimi karibu nikumalizie wote nikiwa na ufunguo ulionipa.

Daftari bado ninalo. Nimemsomea Shosho jana jioni, na sikumruka bibi hata mmoja.

Nisamehe, Guka. Sijawahi kukuita hivyo.